Picha Arobaini na Mbili za Gugu Maji

Mpendwa Baba,

Kuanzia Nyamasaria mpaka ufuoni Dunga, hakuna mpiga picha kama mimi. Filamu ya picha thelathini na sita, mimi nilitoa arobaini na mbili. Wewe na miaka yako yote ya kupiga harusi na ubatizo, uliwahi? Nilipokuambia siku ile ulicheka mpaka ukakohoa, ukasema, "Arobaini na mbili? Basi umenipita, bwana."

Nilidhani unanisifu. Sasa hata sijui.

Kamera yako nzee ilikuwa imeanza kukulemea shingoni, nikaivaa mimi, nikaweka filamu mwenyewe. Pale Dunga gugu maji lilikuwa limechanua mpaka kwenye mawe. Wavuvi wakatucheka: "Mzee, hayo magugu yametufungia mashua, na wewe unayapiga picha kama bibi harusi? Beba yote uende nayo." Nami nikakuuliza, ua la zambarau unalipigaje kwa filamu isiyo na rangi? Ukasema, "Rangi mamako anaijua." Halafu ukachuchumaa katikati ya maua, ukachomeka moja nyuma ya sikio, mzee mzima, ukaniambia nipige, hiyo ni ya Mama.

Hiyo ndiyo Mama anaitaka. Ile ya kitambulisho tuliyoweka mbele ya jeneza anasema unafanana na mtu aliyekamatwa. Amepigilia msumari ukutani juu ya redio. Kila asubuhi, "Picha ya babako itakauka lini?" Namjibu filamu za kizamani hazitaki haraka. Unanijua kwa mdomo.

Baba, filamu niliiosha kwa dawa zako, vile ulivyonionyesha. Ikatoka nyeupe kama kioo cha dirisha. Hakuna ua, hakuna wewe. Lakini zile namba za kiwandani za pembeni zimetoka vizuri, kwa hivyo dawa haina makosa. Filamu haikushika kwenye meno ya kamera. Ilikaa kwa mkebe wake asubuhi yote, mimi nabonyeza tu. Iliyoshika ingegoma ikifika mwisho. Yangu ilikuwa inaendelea tu, na mimi najisifu.

Sasa hapo ndipo kichwa kinanizunguka. Mtu wa kazi yako akisikia arobaini na mbili, anajua papo hapo. Ulijua? Mbona hukusema turudie? Filamu nyingine ilikuwa mfukoni mwako, niliikuta kwa koti. Ulikuwa umechoka, ama ulinionea huruma? Siku nyingine nakasirika na wewe, halafu nacheka, halafu sijui nafanya nini.

Pumzika, mzee. Mama nitamwambia leo, nikimaliza kukuandikia.

Ulinifundisha nikivuta filamu niangalie kile kizungushio cha kushoto. Kisipozunguka, napiga hewa. Na siku ile uliniuliza, "Kinazunguka?" Nikajibu, "Kinazunguka, mzee."

Sikukiangalia hata mara moja. Nilikuwa nakuangalia wewe, vile umekonda.

Mwanao, kitinda mimba