Siagi ya Mama Dancille

Kaka Édouard, sikia upumbavu wa leo.

Mama Dancille wa Ngungu dereva amemushusha mu gari pale Mushaki. Ati kibuyu chake cha siagi, ya ndoa ya binti yake kesho, njo kinavuja ku gurudumu.

Ni fundi Gisubizo, abiria wa bure kiti ya mbele, alisema vile. Hata hakuinama. Grisi nyeusi kama masizi, yeye anaita siagi.

Mama akapiga magoti mu matope, akachungulia nyuma ya gurudumu. Kampira kenye kufunika kadani, kile chuma cha kuzungusha gurudumu, kamepasuka, grisi inamwagika pale. Kamefungwa na kamba ya mbuzi.

"Papa Gisubizo, nani alifunga hii?"

Fundi yeye mwenyewe njo alitengeneza gari juzi.

"Na mbuzi yako iko wapi sasa?"

Dereva akamushusha fundi, akapandisha Mama; kibuyu kimefika ku kiti ya mbele. Fundi angali Mushaki.