Zulia Lililonukia Mkate

Dzaleka, wiki ya pili baada ya Pasaka

Kwako Mama Eugénie, shemeji yangu ninayekuheshimu,

Kwanza pokea salamu zangu, na uzigawe kwa kila aliye nyumbani kwako hapo Lubumbashi: kwa kijana wako Fabien na mkewe, kwa wajukuu, na kwa yule mama jirani anayekukumbusha kila mara uniandikie. Natumaini mguu wako umepoa na kwamba sasa unakwenda Misa bila fimbo. Mimi sijambo. Magoti hulalamika asubuhi, lakini kazi ikianza hunyamaza.

Baada ya salamu, naomba radhi. Barua yako ilinifikia kabla ya Kwaresima, pamoja na lile sanduku zuri la safari, na mpaka leo sijakujibu. Mtu aliyelelewa na mapadre wa misioni hapaswi kumnyamazia dada mkubwa wa marehemu mke wake. Ningeweza kusingizia mvua, na kweli imenyesha sana mwaka huu, lakini mvua haikunifunga mikono. Sababu yenyewe nitaieleza chini, kama utanivumilia kufika huko.

Uliniandikia kwamba nifungashe, nije nimalizie uzee wangu kwako. Ulisema tangu Cécile wetu alale, na tangu sisi wakimbizi tulipotakiwa kuacha vibanda vyetu vya mjini na kurudi kambini, nimebaki mzee wa kukaa mlangoni nikitazama kuku wa majirani. Nilicheka, Mama Eugénie. Kisha nikaacha kucheka, kwa kuwa ulikuwa karibu sana na ukweli. Kule Chilinde, mtaani Lilongwe, nilikuwa na chumba changu cha kusafishia mazulia na makochi, na nyumba nyingi za Lilongwe zilinijua. Hapa Dzaleka watu wanalalia mikeka; zulia la kusafisha ningelitoa wapi? Nikamwambia Patient, yule kijana atokaye Fizi ninayefanya naye kazi, kwamba mvua zikiisha kabla mteja wa mjini hajatufuata huku, nitapanda basi nije kwako. Sanduku lako nililiweka miguuni pa kitanda, tayari.

Basi mvua zikiwa bado kali, gari likasimama mbele ya mlango wangu, akashuka mama mmoja wa Area 18, mtaa mwingine wa Lilongwe, Mayi Chisale, ambaye zamani nilimsafishia viti. Alikuwa ameniulizia Chilinde, akaelekezwa Dzaleka. Nyuma ya gari kulikuwa na makochi mawili na zulia kubwa jekundu lililonuka ukungu hata tukarudi nyuma. Alinieleza kwamba paa lilivuja, zulia likakaa na maji chini ya meza bila mtu kujua. Ndilo zulia walilokalia yeye na marehemu mumewe siku ya chinkhoswe yao, ile sherehe ya hapa ambapo wajomba wa pande mbili huwaunganisha wachumba. Sasa binti yake naye alikuwa anaposwa, na mama alitaka akalie palepale. Akaniambia mafundi wa mjini wamemshauri alitupe. Akasema, “Madala, ukishindwa wewe, nitalitupa,” na madala ndivyo wanavyomwita mzee hapa. Nilipokea kwa mikono miwili.

Naomba usinicheke kwa yaliyofuata. Unakumbuka Uvira tulivyokuwa tukifua mikeka na mazulia ufukweni? Maji mengi, sabuni nyingi, burashi, kisha unalitandaza juu ya mawe na upepo wa ziwa unamaliza kazi kabla ya chakula. Mimi na Patient tulifanya hivyo hivyo penye bomba la maji, ndoo juu ya ndoo, tukiimba. Hata Chilinde, wakati wa kiangazi, njia hiyo haikuwahi kunitupa. Lakini hapa hatuna ziwa wala upepo wake, na ulikuwa msimu ambao hata chumvi mezani inageuka maji. Zaidi ya hayo, zulia lile lina mgongo wa nyuzi kama za gunia. Tulilitundika chini ya paa la kanisa, nalo likakataa kukauka. Kisha ile rangi ya gunia ikaanza kupanda juu, yakatoka madoa ya kahawia kila mahali, na ukungu ukarudi na harufu yake.

Patient alilizunguka, akavua kofia, akaniambia, “Papa Ambroise, hii zulia tumeiua. Tuite padri aizike.” Usiku ule nilianza kukunja mashati yangu na kuyaweka ndani ya sanduku lako.

Asubuhi akaja Pascaline kutazama msiba. Pascaline ni mama wa Bukavu, mjane, mwenye tanuri la mikate nyuma ya soko. Nadhani sijawahi kukutajia jina lake. Alisimama mbele ya zulia, akashika kiuno, akacheka mpaka watu wa kwaya wakatoka nje. Akasema, “Ba papa bawili, mumepikia zulia ya mama wa batu chai, tena bila sukari!” Alipomaliza kucheka aliligusa, akanusa vidole, akaniuliza kwa nini nimelifungia penye joto lisilo na njia ya kutokea. Alinieleza kwamba mkate ukifunikwa ungali wa moto hutoka jasho, na jasho ndilo linaloleta ukungu. Dawa yake ni joto pamoja na dirisha. Akatuamuru tulilete kwake mara mikate ya asubuhi itakapotoka, tanuri likiwa bado na moto wake.

Nami maneno yake yalinifungua akili. Nilikumbuka sista wa sakristia kule misioni, jinsi alivyokuwa akifuta madoa ya chai na kutu katika vitambaa vya altare kwa maji ya ndimu, akianza na pindo ambalo hakuna atakayeliona. Tukakamua ndimu katika maji. Nilijaribu kwanza kwenye kona, roho mkononi. Doa likafifia! Tukaendelea kwa kitambaa chenye unyevu tu, tukikandamiza bila kusugua, Pascaline upande mmoja na mimi upande wa pili, Patient akikamua na kulalamika kwamba macho yanamwasha. Kisha tukalipeleka kwa Pascaline, tukalilaza juu ya fito, mgongo wake ukielekea tanuri, madirisha ya pande zote mbili wazi, na kinyozi wa jirani akatuazima feni yake huku wateja wake wakimlaani kwa joto.

Makochi tuliyashughulikia kwa adabu zaidi, maana tulikuwa tumefundishwa. Ndani yake mna sponji, na sponji ikinywa maji hairudishi. Tulipiga sabuni mpaka ikawa povu tupu, tukapaka povu lenyewe, tukafuta mara moja, yakakauka kabla ya jua kuzama.

Mayi Chisale alipokuja kuchukua mali yake, sikutaka aione kabla sijasema. Nilimweleza kosa letu lote, ndoo na madoa na tanuri, na nikamwomba msamaha. Alipiga magoti juu ya zulia, akapitisha kiganja, akainamisha uso mpaka pua ikagusa manyoya yake. Akainuka macho yakiwa na machozi, akauliza nani ameoka mikate humu. Patient akamwonyesha Pascaline kwa kidole kama mtu anayemshitaki mwizi. Yule mama akaanza kucheka na kulia pamoja, akisema mumewe alikuwa akirudi jioni na mkate chini ya kwapa, na kwamba hakuna harufu nyingine ambayo angependa binti yake aikalie. “Zikomo, madala, zikomo kwambiri,” akarudia kunishukuru mpaka nikaona haya.

Alituombea kibali cha siku moja cha kutoka kambini, tukaenda Lilongwe kwenye chinkhoswe. Lo! Zulia lilitandazwa uani, jekundu kama siku lilipotoka dukani, wachumba wakiwa juu ya makochi yetu. Kisha watu wakaanza kucheza, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na kila kiatu kilikuwa na tope lake. Nilikuwa nikihesabu vile viatu kwa uchungu, hata Pascaline akanifinya mkono na kuninong'oneza, “Acha bacheze, Papa. Njo kazi inarudia vile.” Alisema kweli: tope lile ndilo lingeturudishia kazi. Wageni waliuliza fundi ni nani, na siku hizi pikapu inatoka mjini kila wiki na mazulia ya Area 18, na jana kulikuja hata zulia la kanisa moja la Chilinde. Tuliondolewa Lilongwe, na sasa Lilongwe inatufuata kambini. Patient amekata nywele kama mkurugenzi.

Sasa nimefika chini, na sina budi kusema kilichonizuia kuandika. Sikuogopa kukuambia kwamba sitakuja Lubumbashi. Niliogopa kukuambia kwa nini ningebaki hata kama zulia lingeharibika. Asubuhi ile Pascaline alipokuja kucheka, mashati yangu yalikuwa tayari ndani ya sanduku. Jioni, kabla hatujajua kama madoa yatatoka, nilirudi nyumbani nikayatoa moja moja. Ninataka kumwoa, naye amekubali, kwa sharti kwamba wewe, dada wa Cécile, usikie kwanza kutoka kwangu. Kwetu mgane haanzi nyumba nyingine kabla jamaa ya marehemu haijamfungulia njia, na wewe ndiwe uliyebaki wa kunifungulia. Picha ya Cécile, Pascaline mwenyewe ameifuta vumbi na kusema itakaa sebuleni, juu kuliko ya kwake.

Nisamehe kwa maneno mengi. Barua hii itabebwa na Bwana Kalala, mfanyabiashara wa vitambaa, anayerudi kwenu Jumanne. Anakuletea pia sanduku lako, na halirudi tupu: mna mikate ya mkono wa Pascaline, na kitenge alichokichagua mwenyewe, akisema hakuna mwanamke wa Kivu awezaye kukirudisha. Kalala atapita tena kwako kukuaga kabla ya kuja huku. Usijisumbue kuandika, mguu wako upumzike. Ukiwa umekubali, mpokee ukiwa umekivaa. Ana macho mazuri, naye atatuambia.

Shemeji yako mtiifu, mwenye furaha nyingi kuliko umri wake unavyoruhusu,

Ambroise