Mwalimu Nje ya Dirisha

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na kwamba mguu wako umeacha kukusumbua ukipanda ngazi. Mimi nipo. Asali uliyonitumia kwa ajili ya koo imefika salama, chupa haikuvuja hata tone. Habari za koo lenyewe nitakueleza huko mbele, na usiruke kurasa kama kawaida yako.

Uliniuliza kuhusu kwaya. Nilipokabidhiwa miaka sita iliyopita walikuwa kumi na mmoja, kila mtu anaimba lake. Leo ni ishirini na wanane, na sauti zote nne zimekaa. Nilikuwa nikijisifu kwamba siri ni mlango. Mazoezi ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Ikipita dakika moja napiga komeo, na aliyechelewa atatusikiliza akiwa nje. Ndani sikutaka porojo. Tukimaliza nafuta ubao, napanga viti, naondoka, wao wanabaki uani na chai yao. Mwanzoni walikuwa wananikaribisha. Nilikataa mara nyingi mno, wakachoka. Niliamini kiongozi akizoeleka hasikilizwi tena.

Basi koo likanishika. Mazoezi nikamwachia fundi cherehani mmoja, mama wa sauti ya pili, mcheshi, anayejua noti za kubahatisha tu. Jumamosi iliyofuata nikaona nimepata nafuu, nikaenda bila kumwambia mtu. Nilichelewa, tena mimi! Nilipokaribia nikasikia wanaimba ule wimbo niliowasumbua nao tangu mwaka jana, na pale ambapo sauti ya tatu hupotea siku zote, safari hii haikupotea. Nikajibanza chini ya dirisha la pembeni kama mwizi wa kuku.

Mlango ulikuwa wazi. Akaingia dereva mmoja wa sauti ya tatu, naye kachelewa, yule niliyemfungia nje mara nne na kumwita mvivu mbele ya wenzake. Fundi akamuuliza mama yake ameamkaje. Akajibu kwamba leo amekunywa maziwa kidogo. Ndipo nikajua kwamba mama yake hawezi kuinuka, na kila asubuhi yeye ndiye anayemwogesha kabla ya kuja. Wenzake wote walijua.

Walipomaliza, fundi akasema waniombee. Akauliza nina nani kwetu, ili awataje. Mmoja akasema labda nina mke. Mwingine akakumbuka aliwahi kuniona nikicheka kwenye simu, akahisi huenda nilikuwa naongea na mtu wa nyumbani. Miaka sita, dada! Mwishowe fundi akamwomba Mungu amponye mwalimu, na awafariji ndugu zake, kama wapo.

Sikuingia. Na sasa nafika kwenye jambo ninaloona haya kuliandika. Siumwi. Koo lilipona wiki ile ile, na asali yako nimeila na mkate. Kwa wiki tano, kila Ijumaa, nimewatumia ujumbe kwamba sauti bado haijarudi. Wewe nawe nilikudanganya kwenye simu, nikakohoa hata kabla hujaniuliza. Nilijiambia nawapisha kwa kuwa wanaimba vizuri zaidi bila mimi, na hilo ni kweli. Lakini pia niliogopa kuingia katika chumba chenye watu ishirini na wanane wasionijua. Jumamosi saa tatu najikuta nimevaa, nimekaa kitandani, naimba sauti ya tatu peke yangu, na haiwi wimbo. Nina upweke, dada. Nilikuwa nikiuita nidhamu.

Keshokutwa nitakwenda. Nitawaambia sikuwa naumwa. Nitamwomba dereva radhi mbele ya wale wale walionisikia nikimtukana. Wakitaka fundi aendelee kuongoza, nitaomba kiti kwenye sauti ya tatu. Na wakiniuliza nina nani, nitaanza na wewe.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu. Ukinijibu, niandikie umri wao mmoja mmoja, na jina la huyu wa mwisho, maana nitaulizwa, na nimekaa hapa na kalamu nikijaribu kulikumbuka, nimeshindwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye.