Mama Aliyejua Mlio wa Mashine

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Tanga mimi ni mzima. Bibi yako amenipigia toka Uru, ng'ombe amezaa jike.

Lakini swali lako limeniudhi. Unataka kuacha mafunzo ya ufundi mitambo hapo Moshi kwa sababu bosi anakutuma kuwahoji wenye mashine kabla ya kukupa spana? "Babu, mimi nina diploma." Haya. Mimi niliishia la tano.

Ujanani nilikuwa najifunza kwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa. Siku moja alinituma peke yangu kwa mama mmoja wa huko huko Uru, mwenye mashine yake.

"Kijana, usiikaze sana," mama akaniambia. "Naijua hii."

"Mama, wewe chuma kahawa. Fundi ni mimi."

Nikaikaza. Jioni beseni likajaa punje zilizopondeka, mavuno ya siku nzima. Mama akachota kiganja, akanijaza mkononi.

"Haya, fundi. Tafuna."

Fundi wangu alipofika hakuniangalia. Alimwuliza mama, "Huwa inaliaje?" Mama akauiga mlio wake kwa mdomo, bila haya, naye akalegeza skrubu kidogo kidogo mpaka mashine ikalia vilevile. Nikaona kwamba nusu ya ufundi ilikuwa kwa yule mama.

Niliona, lakini aibu ilinizidi. Kesho yake sikurudi kazini. Ndiyo maana mpaka leo, na uzee huu, nabeba mawe ya watu kwa kibarua.

Wewe kesho rudi.

Babu yako