Mafuta ya Yeyo Kwenye Vikopo vya Lavenda

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba uniokoe kabla ya Jumamosi maana usingizi sipati. Nilijifungua miezi miwili iliyopita na mama mkwe wangu, yeyo, yaani mama, Nashipae wa Oldonyosambu, akachinja kondoo kama desturi yao Waarusha, akayeyusha mafuta ya mkia akaniletea kidumu hapa Usa River, ninywe nipate nguvu na nijipake mimi na mtoto, ila mimi Mchaga nimezoea mtori wa ndizi, kuyanywa kulinishinda na harufu niliionea aibu, nikayachanganya na manukato ya lavenda nikayatia kwenye vikopo vyenye maandishi ya Kiingereza, na wenzangu wa ofisini walipokuja kumwona mtoto nikawauzia nikisema ni krimu ya mimea kutoka nje, na ngozi zao zimelainika kweli, wanataka nyingine. Yeyo alipokuta kidumu kitupu alifurahi mpaka machozi, akasema, "Mwanangu, kumbe unakunywa hivi," akachinja wa pili, mafuta yake nayo nikauza, na sasa mume wangu Lemburis ananiambia mama amebakiwa na kondoo jike mmoja tu, na Jumamosi anamchinja kwa ajili yangu. Nikisema, ndoa itayumba, nikinyamaza, roho inanisuta. Nifanyeje?

Aikaeli, Usa River

Marahaba, Aikaeli. Hongera ya mtoto nakupa, pole sikupi.

Kushindwa kuyanywa si kosa, hata huko Oldonyosambu wapo wanaoziba pua. Ungemwambia tu kwamba yamekushinda, angecheka, angekupaka mgongo, yakaisha. Wewe uliona aibu kunuka kondoo, ila kumdanganya mama wa watu hukuona aibu. Na hao wenzako, ambao bibi aliyejipaka mafuta hayohayo akikaa karibu nao kwenye daladala hufungua dirisha, leo wanagombania kwa sababu kikopo kina Kiingereza.

Sasa sikiliza. Lemburis usimtume. Ijumaa asubuhi beba mtoto, panda kwa yeyo, mwambie kwa kinywa chako kwamba uliuza. Atakasirika, mwache, wala usianze kulia ili akubembeleze. Pesa uliyopata nunua majike mawili umpelekee zizini. Ofisini nako waambie wanajipaka nini, asiyetaka umrudishie chake.

Unaogopea ndoa, na mwenzio amebakiza mnyama mmoja na bado anaona mwenye shida ni wewe. Jumamosi ikikukuta hujasema, basi nenda ukamshikie miguu huyo kondoo akichinjwa, huku unamtazama yeyo usoni.

Mama Skolastika