Mlango Ambao Vivian Anauona

Mama Jotham,

Ukirudi kutoka sokoni, wape kuku maji, na tafadhali usiizime kompyuta ya sebuleni. Nimekwenda Kitale mjini kupanda gari la Bungoma, nikapimwe macho.

Asubuhi nilikuwa nikicheza ule mchezo wa pangoni na mjukuu wetu Vivian, yeye akiwa kwao Bungoma kwenye kompyuta yake, huku tukizungumza kwa simu. Akaniambia nipite mlangoni. Nikamwuliza, mlango upi? Akacheka: "Ati upi? Babu, si huo mbele yako! Unagonga ukuta bana!" Mimi niliona giza tupu. Akanielekeza penye kipimo cha mwangaza ndani ya mchezo. Changu kiko katikati, na chake vilevile. Ikiwa vipimo ni sawa, basi kasoro ni ya macho yangu. Unakumbuka marehemu Baba alivyoanza kujigonga kwenye milango mchana, na jinsi alivyoishia kushikwa mkono.

~~Mwambie Jotham anipokee stendi.~~ Usimwambie. Sitaki mwanangu ajue kabla ya daktari.

Chai yangu sikuimaliza. Ipashe moto uinywe, kisha uketi kwenye kiti changu, usiguse kitu, utazame kioo cha kompyuta. Nimemwacha yule mtu wa mchezo amesimama palepale mbele ya mlango. Nawe ukiona giza, nipigie simu upesi. Nitashuka popote nilipo, nirudi nyumbani.

Ukiuona mlango, usinipigie. Niombee tu.

Mumeo,
Baba Jotham