Mwanamuke wa inje mwenye haiko

Mama Hortense mupendwa, wa redio yetu ya Bunia, naomba unisaidie mbele siku ya Mungu ya hii juma ifike, juu siku ile wajomba wa bibi mwenye nilioa watanikalisha chini. Miye ni Serge wa Saio, motari, na uliza mutu yote pa parkingi: kwa pikipiki hakuna mwenye ananishinda, hata matope ya njia ya Mahagi naipita nikipiga muluzi. Masomo niliachia njiani lakini akili iko. Sasa tangu ile njia ikakuwa na mashaka, leo inafunguka, kesho masasi ya bunduki inalia, nilianza kubakia nyumba na telefone, rafiki yangu Willy akanijazia filimu za uchi, nikaangalia kwa kucheka tu, halafu nikaangalia bila kucheka, na sasa, Mama, naona aibu kuandika, bibi yangu Kavira akinikaribia mwili wangu unabakia sawa mbao, hauamuki.

Pa parkingi tulibishana sana. Katsuva, mutu wa kanisa, anasema, "Ile vitu inakula mutu ndani." Nikamujibu, "Weye Katsuva, kama inakula mutu, mbona miye nimenenepa?" Wote wakacheka. Willy anasema picha ni picha, haiumizi mutu. Miye pia nasema vile. Utukatie ile ubishi.

Kavira hajui mambo ya filimu. Aliniuliza tu, "Serge, ni nani? Ni wa hapa Saio ao ni wa Mahagi?" Nikatoka kupanguza pikipiki, akafunga nguo zake, akarudia kwa wazazi. Unajua desturi: ukikubali kwamba ulikuwa na mwanamuke wa inje, wajomba wanakugombeza, unaleta mbuzi ya musamaha, wanakula, bibi anarudia. Lakini kusema mwanaume muzima ameshindwa na telefone? Watanicheka mpaka Beni. Basi nimeamua kusema nilikuwa na Viviane, ule mama mukimbizi wa Djugu mwenye anauzisha mandazi karibu na parkingi. Hana ndugu hapa. Atakataa, lakini nani atamusikia? Willy anasema ni akili ya juu. Weye unasemaje?

*

Serge,

Nilianza kukuhurumia, mutoto wangu, mpaka nikafika kwa jina la Viviane. Pale huruma ikakauka.

Mambo ya mwili wako hayana ulozi, na wengi wameniandikia vile. Umeuzoeza watu wa filimu, wenye hawakuulizi kitu, unawazima na kidole. Kavira anauliza, anachoka, anakasirika. Futa zile filimu zote, enda kwa munganga wa hospitali bila kujificha, na uvumilie.

Unataka nikate ubishi? Kuna wenye wanaangalia na hawafiki pale umefika, sitakudanganya. Lakini jiangalie. Umechagua mwanamuke mwenye hana wa kumutetea, ukamubebesha kitu chenye hakufanya, na hukujiuliza hata kidogo kama atasikia uchungu. Viviane unamuangalia sawa vile unaangalia telefone. Katsuva alisema kweli, weye ukachekesha watu juu yake.

Na unajua tunaishi namna gani hapa. Amani yetu inalala jicho wazi. Jina la mukimbizi likitajwa kwa ubaya, vijana wanafika na fimbo mbele ukweli ufike. Wajomba watakula mbuzi yako, na Viviane atapigwa, mandazi yake itamwangika mu matope. Kavira atarudia, ndiyo, na weye utabakia mbao vilevile. Atakapouliza tena "ni nani?", utamutafutia mukimbizi mwingine?

Usingoje siku ya Mungu. Enda kesho muchana kwa wazazi wake, omba kuongea na Kavira peke yake, umuambie: hakuna mwanamuke, ni telefone. Yeye ndiye atachagua kama wajomba wajue. Na ule Willy, akikuletea akili nyingine, umukatalie mbele ya wote pa parkingi.

Pengine Kavira hatarudia. Siwezi kukuahidi. Pengine utabakia mu ile nyumba na aibu yako, muda murefu. Lakini ni yako, Serge. Ilale kwako, si kwa Viviane.